Kwa Nini Bunduki Imeingia Mtaani Mwetu?



Mada ya toleo hili mliiomba ninyi wenyewe. Katika mikutano yetu tumeongea juu ya maji, juu ya mikopo midogo na juu ya karo ya shule. Lakini karibu kila kikundi, kabla ya maombi ya kufunga, mtu mmoja alileta neno lile lile: hizi risasi za usiku zitaisha lini? Na vijana wetu wanazitoa wapi bunduki?

Haya ni maswali mazito, na makala moja haiwezi kuyamaliza. Nitajaribu kuyafungua ili mkaendelee nayo katika vikundi vyenu.

KISA CHA KUANZIA

Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa kikikutana kila Jumamosi. Kila mama alileta shilingi 200 za meri-go-raundi. Mwanachama mmoja, mama muuza mboga, alikuwa na deni la wiki saba. Tulimwonea huruma, maana biashara ilikuwa mbaya na kodi ya nyumba haingoji.

Halafu Jumamosi moja akaja akalipa deni lote. Wiki iliyofuata akalipa na ya mwezi mzima mbele. Akina mama wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza. Wote tulijua kijana wake wa pili hakuwa na kazi, na tulijua kwamba siku hizo alikuwa akirudi nyumbani alfajiri. Nasema "tulijua" kwa sababu mimi pia nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekagua kitabu cha hesabu na kuweka alama kwamba mambo yako sawa.

Baada ya miezi michache kijana huyo alipigwa risasi akafa, pamoja na mwenzake mmoja. Kikundi kikachanga pesa za mazishi. Tulipompelekea mama mchango huo, aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamgeukia mwenyekiti akasema: "Mama mwenyekiti, mlijua. Mbona mlizipokea?"

Hakuna aliyemjibu.

LAKINI KWA NINI?

Wengi wenu mnalikumbuka zoezi la "Lakini kwa nini?" tunalolifanya katika mafunzo ya viongozi. Tunachukua tatizo moja, tunauliza sababu yake, kisha tunauliza sababu ya ile sababu, mpaka tufike kwenye mizizi. Baadaye kikundi kile kilikubali kufanya zoezi hili juu ya kifo cha kijana wao. Lilikwenda hivi:

Kwa nini alikufa? Kwa sababu alikuwa mwizi wa bunduki.
Lakini kwa nini alikuwa na bunduki? Kwa sababu alipewa na marafiki.
Lakini kwa nini alikubali? Kwa sababu hakuwa na kitu cha kufanya.
Lakini kwa nini hakuna aliyemkataza? Hapo watu wakanyamaza.

Kisha wakaanza kubishana. Mmoja alisema ni sinema za Kimarekani. Mwingine akasema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Mwingine akasema ni polisi. Mwingine akasema ni malezi, akina baba wametoroka. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Taabu ni kwamba kila mmoja alitaka kipande chake kiwe ndicho ukweli wote.

Mimi napenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa jikoni. Sufuria hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, chakula kinamwagika. Mauaji ya bunduki nayo yana mafiga matatu: bunduki yenyewe, mkono ulio tayari kuishika, na ukimya unaoificha. Tuyaangalie moja moja.

FIGA LA KWANZA: BUNDUKI YENYEWE

Bunduki si kitu kipya katika nchi hii. Kibera yenyewe ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Lakini bunduki ilikuwa mali ya serikali, na Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kuwa nayo. Wakati wa Mau Mau wapiganaji walitengeneza bunduki zao kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Kupatikana na bunduki wakati huo kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi aliponyongwa Februari 1957, kosa alilohukumiwa kwalo lilikuwa kupatikana na bastola na risasi.

Baada ya uhuru silaha zilikuwa chache kwa muda mrefu. Kilicholeta mafuriko ni kuanguka kwa serikali za majirani zetu. Mwaka 1979 Idi Amin alipopinduliwa Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea kwa wafugaji wa Karamoja, kisha kwa Wapokot na Waturkana wa upande wetu. Kuanzia 1983 hadi 2005 Sudan ilikuwa na vita vya kusini na kaskazini. Mwaka 1991 ukawa mbaya kabisa: Januari serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, na Mei ile ya Mengistu ikaanguka Ethiopia. Wanajeshi waliokimbia waliuza bunduki ili wale. Kaskazini mwa nchi bunduki iliyokuwa ikibadilishwa kwa ng'ombe wengi ikawa ya kubadilishwa kwa ng'ombe wachache tu.

Kutoka huko mpaka Nairobi ni safari ya lori. Silaha hufichwa chini ya mifugo, chini ya makaa, chini ya magunia. Mpaka wetu na Somalia peke yake ni zaidi ya kilomita 600, na sehemu kubwa ni kichaka kitupu.

Kuna mlango mwingine pia, na huu unauma kuutaja. Bunduki nyingine hutoka mikononi mwa wale waliopewa kutulinda. Kuna maafisa walioshtakiwa kwa kukodisha silaha kwa majambazi. Pia kuna bunduki za kujitengenezea, na hata za bandia, ambazo gizani huwezi kuzitofautisha na za kweli.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kijana wa mtaani mara nyingi hana bunduki yake mwenyewe. Anaikodi. Mwenye bunduki hukaa mbali, haendi kwenye wizi, na asubuhi anachukua fungu lake. Kijana akiuawa, bunduki hutafutiwa kijana mwingine. Kwa hiyo tunaweza kuzika vijana watano waliotumia bunduki moja, na mwenye bunduki akaja matangani kutoa pole.

Serikali za eneo letu zimejaribu. Mwaka 2000 zilitia sahihi Azimio la Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo, na mwaka 2004 Itifaki ya Nairobi. Mwezi wa Novemba 2016 bunduki 5,250 zilizokuwa zimekamatwa au kusalimishwa zilichomwa moto pale Ngong. Hayo ni mazuri. Lakini watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba mikononi mwa raia wa Kenya kulikuwa na bunduki karibu 750,000. Pipa bado linavuja.

Figa hili la kwanza ni zito. Kikundi cha Lindi hakiwezi kufunga mpaka wa Somalia.

FIGA LA PILI: MKONO ULIO TAYARI

Watu husema, "Ni umaskini." Ni kweli, lakini si kweli yote. Tembea Lindi saa kumi na moja asubuhi. Utaona mamia ya vijana wakienda kwa miguu mpaka Industrial Area kutafuta kibarua, na wengi watarudi mikono mitupu. Ni maskini, na hawajawahi kugusa bunduki. Tukisema umaskini ndio unaoua, tunawatukana hawa.

Sasa ni nini kinachoongezwa juu ya umaskini? Katika kuongea na vijana, na wengine niliongea nao wakiwa jela, nimesikia mambo manne yakirudi.

La kwanza ni kuona mali ikiwa karibu bila kuifikia. Kibera imepakana na uwanja wa gofu. Kawangware imepakana na Lavington. Kijana anavuka barabara moja tu na ameingia dunia nyingine, ambako anaruhusiwa kukata nyasi na kuosha magari, kisha anarudi kwenye chumba kimoja cha mabati. Baba Mtakatifu Fransisko alipotembelea Kangemi, jirani zetu wa Kawangware, Novemba 2015, aliongea waziwazi juu ya jambo hili: kwamba mitaa kama yetu ni majeraha yaliyotokana na wachache wanaong'ang'ania mali na madaraka.

La pili ni heshima. Kijana aliyemaliza Fomu Foo na kukaa miaka mitatu bila kazi hana sauti nyumbani. Dada zake wanamtuma maji. Akishika mchuma, kama wanavyouita, watu wanampisha njiani. Mmoja aliniambia kwamba siku ya kwanza ilikuwa siku ya kwanza mtu mzima kumwita "bwana". Tusicheke. Kama nyumbani, kanisani na kikundini hatumpi kijana heshima yoyote, ataifuata mahali inapogawiwa.

La tatu ni woga. Wengine huanza kwa kutaka kujilinda. Wamekamatwa katika msako bila kosa, wameombwa kitu kidogo ili waachiliwe, wameitwa majambazi kabla hawajawa. Mwishowe wanajiambia: kama jina ninalo tayari, acha nile matunda yake.

La nne ni siasa. Wakati wa uchaguzi vijana hununuliwa kwa mia chache ili watishe wapinzani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008, ilieleza jinsi wanasiasa walivyotumia magenge. Uchaguzi ukiisha mwanasiasa anarudi zake, na genge linabaki mtaani likiwa na njaa. Limeshafundishwa kwamba fujo ni kazi yenye mshahara.

FIGA LA TATU: UKIMYA

Hapa ndipo swali la yule mama linatugusa. Bunduki inalala mahali: chini ya kitanda, ndani ya debe la unga, kwenye dari. Kuna mtu anayeiona. Pesa zake zinaingia dukani, kwa mwenye nyumba, kikundini na hata kwenye sadaka. Kuna mtu anayezipokea. Kwa nini tunanyamaza?

Wakati mwingine ni kwa sababu zinatufaa. Tukiri hilo mbele ya Mungu. Lakini mara nyingi zaidi ni woga, na woga huu una sababu. Mama akienda kuripoti, anaogopa kwamba jina lake litafika kwa genge kabla hajafika nyumbani. Na hata lisipofika, anaogopa kwamba mtoto wake hatapelekwa kortini bali atapigwa risasi kichochoroni.

Woga huu hautokani na uvumi tu. Mwaka 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuja Kenya akaandika kwamba mauaji yanayofanywa na polisi nje ya sheria yalikuwa yameenea. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika zile ghasia, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Tume ililaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Hatusemi askari wote ni wabaya. Wapo walio waaminifu, wapo waliokufa wakitulinda, na wengi wao wanaishi maisha magumu kama sisi. Lakini mahali ambapo raia anamwogopa askari na jambazi kwa pamoja, bunduki ndiyo inayopata pa kujificha. Kila kijana anayeuawa bila kufikishwa kortini hufunga mdomo wa mama mwingine kumi.

NA MAREKANI JE?

Ndugu mmoja wa Kawangware aliuliza: si afadhali kila mtu mwema apewe bunduki, kama Marekani, ili majambazi wamwogope? Ni swali la haki, na tulijibu kwa hesabu.

Marekani iliandika haki ya kuwa na silaha katika katiba yake mwaka 1791. Leo ina bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko idadi ya watu wake: kwa kila watu 100, bunduki kama 120. Kenya, kwa kila watu 100, hazifiki 2. Kama bunduki nyingi zingeleta usalama, Marekani ingekuwa nchi salama kupita zote. Lakini mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa huko kwa risasi.

Sasa sikilizeni jambo hili: zaidi ya nusu yao hawakuuawa na majambazi. Walijiua wenyewe. Wengine waliuawa nyumbani, mume na mke wakigombana, au mtoto akichezea bastola aliyoikuta kwenye droo. Hasira na kukata tamaa viko kila nchi, hata Lindi tunavyo. Tofauti ni kile mkono unachokifikia saa ya hasira. Akifikia mwiko, kesho kuna mazungumzo na kusameheana. Akifikia bunduki, kuna jeneza. Kwa hiyo uchache wa bunduki nyumbani mwetu ni utajiri ambao hatujui kama tunao. Tuulinde.

SHERIA INASEMAJE

Vijana wengi wanaingia bila kujua uzito wa sheria. Waelezeni haya mawili.

Kwanza, kupatikana na bunduki za kivita kama AK-47 au G3 bila sababu halali kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Hakuna haja ya kuwa umeiba nayo.

Pili, katika sheria ya jinai ya Kenya, wizi wa mabavu wenye adhabu ya kifo si ule wa bunduki peke yake. Ukiiba kwa nguvu ukiwa na mwenzako hata mmoja, inatosha. Kwa hiyo yule kijana anayeambiwa "wewe simama tu hapo kona utuangalizie" anaweza kuhukumiwa kama mwenye kufyatua. Ni kweli Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini waulizeni wenye ndugu Kamiti kama miaka ile ni maisha.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tumesema hatuwezi kufunga mipaka. Lakini figa la pili na la tatu yako mtaani, na hayo tunayafikia.

1. Andikeni kanuni ya pesa. Mwanachama akilipa kwa ghafla kuliko uwezo wake, watu wawili wanaoaminika wamtembelee nyumbani, si kwa kumshtaki bali kwa kumwuliza, "Mama, kuna nini nyumbani?" Kikundi kile kilianza hapa.

2. Msimwache mwenye deni afikie wiki ya saba. Wekeni mfuko mdogo wa dharura. Yule mama alizipokea pesa za mwanawe kwa sababu alikuwa anaona haya mbele yetu.

3. Wapeni vijana viti. Kikundi cha maji au cha kukusanya taka kikiwa na vijana watatu wenye kazi na sauti, hao watavuta wengine. Aliyetoka jela apewe nafasi hiyo mapema, kabla genge halijamkaribisha.

4. Mkigundua bunduki, msiiguse na msiibebe. Mama asiende peke yake. Aende kwa padri, mchungaji au imamu anayemwamini, naye atafute njia ya kuisalimisha pamoja na wakili au mtu wa msaada wa sheria. Kituo cha Sheria kimesaidia wanyonge wa Nairobi tangu 1973. Shahidi anayetishwa anaweza kuomba msaada kwa Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi.

5. Mtu akipigwa risasi, mwahisheni hospitali, awe ni nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya polisi na fomu ya P3 yatafuata baadaye.

6. Askari akiua bila haki, msiishie kulia. Andikeni siku, saa, mahali na waliokuwepo, mpeleke kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2011 kusimamia polisi. Na askari mwema akifanya kazi njema, semeni pia.

TUMALIZIE

Katika Kitabu cha Mwanzo, baada ya Kaini kumwua Abeli, Mungu alimwuliza aliko ndugu yake, naye akajibu kama mtu asiyehusika. Kikundi kile kilisoma habari hiyo siku ya zoezi letu. Mwenyekiti, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alisimama akamwambia yule mama wa mboga: "Dada, ulituuliza swali na hatukukujibu. Tulijua. Tulizipokea kwa sababu tulizihitaji, na tulikuogopa wewe na tukamwogopa yeye. Tusamehe."

Yule mama hakusema kitu siku hiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja, akalipa shilingi zake 200 za mboga, akaketi mahali pake. Ana kijana mwingine wa miaka 16. Safari hii kikundi kinamjua kwa jina, kinajua anasoma darasa gani, na anapochelewa kurudi kuna mama watatu wanaouliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Fanyeni zoezi la "Lakini kwa nini?" juu ya kifo kimoja mnachokijua. Mlinyamaza kwenye swali lipi?
2. Kati ya mafiga matatu, lipi lina nguvu zaidi mtaani mwenu?
3. Je, kikundi chenu kiliwahi kupokea pesa ambazo hamkutaka kuuliza zilikotoka? Mngefanya nini leo?
4. Ni vijana wangapi wana kiti na sauti katika kikundi chenu?
5. Mama akigundua bunduki nyumbani kwake usiku wa leo, ataenda kwa nani? Tajaneni jina, si cheo.

Makatibu, andikeni majibu ya kikundi mtuletee kabla ya mkutano wa viongozi. Msiandike majina ya watu wala nyumba. Mungu awabariki.